Skrolso, jigso, bendiso au msumeno wa upinde: ipi inafaa karakana ya nyumbani?

Ukishakuwa na randa, patasi, drili na msumeno wa kawaida, unaweza kutengeneza karibu kila kitu chenye pande zilizonyooka: stuli, rafu, kabati, fremu ya dirisha. Siku mtu wa nyumbani anapotaka marufaa yenye nakshi, kibao cha jina cha kutundika mlangoni au kiti chenye mgongo uliopinda, hapo ndipo unapoanza kuulizia mashine ya mikunjo. Skrolso, mashine ya mezani yenye bledi nyembamba inayopanda na kushuka, hutajwa mapema, mara nyingi na mtu aliyeiona kwenye video ikikata maua madogo ndani ya kipande cha mbao kisichozidi kiganja.

Swali la haki ni hili: ina kazi ya kweli katika banda la nyuma ya nyumba, au pesa hiyo ingenunua kitu kingine ambacho ungekitumia kila wiki? Nimeilinganisha hapa na vifaa vitatu vinavyogombea kazi ile ile. Jigso ni ile ya kushika mkononi. Bendiso ina bledi ya mkanda inayozunguka magurudumu mawili. Msumeno wa upinde ni wa mkono, hauhitaji umeme kabisa.

## Vigezo vya kulinganishia

Cha kwanza ni mikunjo na matundu ya ndani. Tundu la ndani ni lile lililozungukwa na mbao pande zote, ambalo huwezi kulifikia kutoka ukingoni. Chukua neno KARIBU kwa herufi kubwa: lina matundu manne ya namna hiyo, moja kwenye A, moja kwenye R na mawili kwenye B. Mashine moja kati ya hizi nne haiwezi kuyakata bila kupasua herufi, na ni vizuri kujua hivyo kabla ya kulipa.

Cha pili ni unene wa mbao na ubora wa ukingo unaobaki. Cha tatu ni nafasi, umeme na kelele, kwa kuwa wengi wetu tunafanyia kazi barazani, kwenye banda la bati au chumba cha nje kilichopakana na cha jirani. Cha nne ni bledi: utazipata wapi, na zitakwisha upesi kiasi gani. Mwisho nitasema kila kifaa kinamfaa nani.

Bei sikuiweka kama kigezo cha peke yake kwa sababu hubadilika na forodha, na kati ya kipya na cha mtumba tofauti ni kubwa. Mpangilio wake kwa kawaida huwa hivi: msumeno wa upinde ndio wa chini kabisa, kisha jigso, kisha skrolso, na bendiso juu. Jigso nzuri ya kampuni yenye jina, hata hivyo, inaweza kuizidi bei skrolso ya daraja la chini.

## Nakshi ni za aina mbili, na hapa ndipo watu wanapokosea kununua

Wengi wanaoitaka skrolso pwani wana mlango wa Zanzibar au wa Lamu akilini. Mlango ule haukukatwa kwa msumeno wa aina yoyote. Maua yake, minyororo yake na maandishi ya kizingiti cha juu yamechongwa kwa patasi na nyundo juu ya uso wa mbao nene, na upande wa pili wa mbao hauonyeshi kitu. Kama hiyo ndiyo ndoto yako, nunua seti nzuri ya patasi za kuchongea na jiwe la kunolea, kisha tafuta fundi wa kukufundisha. Hakuna kati ya mashine hizi nne itakayokusogeza hata hatua moja.

Nakshi ya pili ni ya kutoboa: ubao mwembamba unakatwa matundu hadi mwanga unapita upande wa pili. Itazame kwenye roshani za Zahanati ya Zamani ya Mji Mkongwe, jengo linalotazama bahari lililoanza kujengwa 1887 na kukamilika 1894, ambalo mapambo yake yana mkono wa mafundi wa Kihindi. Utaiona pia kwenye roshani za Mji wa Kale wa Mombasa na kwenye mbao za mapambo zilizoshuka chini ya mapaa. Kazi hiyo ndiyo jamaa ya skrolso. Ukiijua tofauti hii, nusu ya uamuzi umeshaufanya.

## Skrolso

Hukaa juu ya meza. Bledi yake, yenye upana wa milimita moja au mbili tu, hukazwa juu na chini, hupanda na kushuka mahali pamoja, na wewe ndiye unayeisogeza na kuizungusha mbao. Ukubwa wa mashine hutajwa kwa umbali kutoka kwenye bledi hadi nguzo ya nyuma. Nyingi za nyumbani ni za inchi 16, yaani milimita 406, na kubwa zake huanzia inchi 20. Umbali huo ndio unaoamua ubao mkubwa kiasi gani unaweza kuzunguka bila kuigonga nguzo.

Mikunjo na matundu. Unatoboa tundu dogo kwa drili, unaifungua bledi upande mmoja, unaipitisha tunduni, unaifunga na kuikaza tena, kisha unakata. Unaweza kugeuka karibu papo hapo, kwenye kona ambayo mashine nyingine ingehitaji kuingia mara tatu. Kwa matundu madogo ya ndani, hakuna mashine ya umeme katika orodha hii inayoikaribia.

Uwezo huo unalipiwa kwa muda. Nakshi yenye matundu 60 maana yake ni kufungua na kufunga bledi mara 60. Kwa hiyo ukiwa dukani, kabla hata ya kuuliza nguvu ya mota, omba uifungue na kuifunga bledi kwa mkono wako. Mashine yenye kifungio cha kukaza kwa vidole itakupa jioni nzuri. Inayokulazimu kutafuta alenki kila tundu itakuchosha kazi ikiwa bado mbichi.

Jambo jingine la kuuliza ni pini. Zipo mashine zinazokubali tu bledi zenye pini ndogo kwenye ncha zote mbili, na zipo zinazokubali bledi bapa zisizo na pini. Pini inahitaji tundu la milimita 5 hivi ili ipite. Bledi isiyo na pini, zile nyembamba, hupita kwenye tundu la milimita moja na nusu. Kwa herufi kubwa za kibao cha duka hutaona tofauti. Kwa marufaa yenye nakshi nyembamba, mashine ya pini peke yake haiwezi kazi. Binafsi nisingeichukua hata kama bei inavutia, maana inakunyima kile hasa ulichoifuata.

Usiitegemee kwa mstari mrefu ulionyooka. Namna bledi nyingi zinavyotengenezwa huacha upande mmoja ukiwa mkali zaidi, hivyo mkato huvutwa kando, na mtumiaji huzoea kuisukuma mbao kwa mshazari kidogo. Anayeanza hudhani mkono wake ndio mbovu. Si mkono.

Unene na ukingo. Maelezo ya mashine nyingi husema itakata hadi milimita 50. Itakata kweli, ila starehe yake huishia kwenye milimita 20 au 25. Ukivuka hapo, hasa kwa mbao ngumu kama mkongo au mvule mkavu, bledi hupata moto, ukingo huungua, na bledi hupinda katikati hadi mchoro wa juu na wa chini havifanani. Tepu ya kufungia maboksi, ile inayong'aa, ukiibandika juu ya mbao kabla ya kubandika karatasi ya mchoro hupunguza kuungua kwa kiasi cha kushangaza.

Ndani ya unene wake, ukingo hutoka laini kiasi kwamba msasa unapita mara moja tu, na ndani ya matundu madogo hiyo ni neema, kwa kuwa huko msasa haufiki vizuri. Michaniko hutokea upande wa chini, kwa sababu meno hutazama chini. Kwa plaiwudi tafuta bledi ambazo meno yake machache ya mwisho yamegeuzwa kutazama juu.

Kuna faida moja ambayo wauzaji hawaitaji mara nyingi. Unaweza kupanga vipande vitatu au vinne vya plaiwudi ya milimita 3, ukavifunga pamoja kwa tepu, na kuvikata mara moja. Ukitengeneza fumbo la ramani la kufundishia watoto kaunti 47 za Kenya au mikoa 31 ya Tanzania, utatoka na seti tatu zinazolingana kwa kazi ya moja.

Nafasi, umeme na kelele. Inahitaji kona ya meza na taa nzuri. Za nyumbani hutumia takriban wati 90 hadi 120, kwa hiyo hata inveta ya wastani ya sola inaweza kuiendesha ukiiachia nafasi ya kuanzia mota. Kelele yake ni mvumo. Jirani ataivumilia usiku kuliko jigso. Adui wake ni mtetemo. Ifunge kwa bolti juu ya meza nzito, na ukiweza weka mpira chini ya miguu yake. Mashine ya bei nafuu iliyofungwa vizuri hufanya kazi safi kuliko ya bei kubwa iliyowekwa juu ya meza inayoyumba.

Bledi. Hupangwa kwa namba. Kwa plaiwudi ya milimita 3 hadi 6 tumia namba 1 hadi 3. Kwa mbao ya milimita 18 au 20 namba 5. Kwa mbao ngumu ya milimita 25 namba 7 au 9. Zitavunjika, na hilo si kosa lako wala la mashine. Hununuliwa kwa dazeni.

Shida ni mahali pa kuzinunua. Maduka ya vifaa vya ujenzi mitaani huweka bledi za jigso. Za skrolso ni za kuagiza, au kutafuta kwenye maduka makubwa ya mijini. Agiza dazeni kadhaa pamoja na mashine, usisubiri ziishe. Ukikwama, bledi zisizo na pini zina urefu wa inchi 5, sawa na zile za msumeno wa sonara, na wauza vifaa vya masonara wanazo. Zile zimetengenezwa kwa ajili ya madini na meno yake ni madogo mno kwa mbao nene, lakini kwa plaiwudi ya milimita 3 zitakuvusha.

Inamfaa nani. Anayetengeneza vitu vidogo vyenye nakshi ya kutoboa, herufi, vinyago vya watoto vya mbao nyembamba, fremu za picha, fumbo, mapambo ya masanduku. Inamfaa pia mzazi anayetaka kumfundisha mtoto mkubwa kazi ya mbao akiwa pembeni yake, kwa sababu ni mashine ya mwendo wa pole na haitupi mbao. Bado bledi inaweza kuinyanyua mbao na kuipiga mezani ikiwa hukuikandamiza vizuri, na kidole kikigusa meno kitakatika ngozi.

## Jigso

Mwaka 1946 mhandisi Albert Kaufmann wa kampuni ya Scintilla nchini Uswisi alitoa sindano kwenye cherehani na kuweka bledi ya msumeno mahali pake. Kutoka hapo ikazaliwa jigso ya umeme ya mkononi. Tofauti yake na skrolso iko hapo hapo: bledi imeshikwa juu tu, chini iko huru.

Mikunjo na matundu. Kwa kuwa upande mmoja uko huru, kuingia tunduni ni rahisi: toboa tundu la milimita 10, ingiza bledi, kata. Hakuna kufungua kitu. Inakata tundu la sinki kwenye meza ya jikoni, duara la meza ya kahawa, nafasi ya kitasa. Lakini bledi yake ni pana, kwa hiyo mkunjo mdogo unakatwa kwa vipande vipande, na nakshi ya ukubwa wa sarafu sahau. Bledi nyembamba za mikunjo, kama zile zenye alama T101AO, husaidia sana. Ukikata mkunjo, zima ule mwendo wa bledi kusogea mbele na nyuma, weka sifuri.

Unene na ukingo. Inapita mbao ya inchi mbili. Tatizo ni kwamba kwenye unene huo ncha iliyo huru hupinda, na ukingo hautoki wima, hasa kwenye mkunjo. Acha milimita mbili nje ya mstari, umalizie kwa tupa na msasa. Meno hutazama juu, kinyume cha skrolso, kwa hiyo michaniko huwa upande wa juu: uso mzuri wa mbao ulale chini.

Nafasi, umeme na kelele. Inakaa kwenye droo. Nyingi hutumia wati 400 hadi 700, na zipo za betri unazoweza kwenda nazo kwa mteja hata siku umeme umekatika. Ina kelele kali na hurusha vumbi usoni. Kipande kidogo ni hatari nayo: mashine inasogea, mbao haina budi kufungwa kwa klampu, na kipande cha ukubwa wa kiganja hakina pa kufungia.

Bledi. Hapa inazishinda zote tatu. Bledi zenye shina la umbo la T zipo karibu kila duka la vifaa, za mbao, za chuma na za plastiki.

Inamfaa nani. Anayetengeneza samani na kufanya kazi za nyumba. Kama huna mashine yoyote ya mikunjo, na kazi zako ni kabati, meza na milango, hii ndiyo utakayoishika mara nyingi.

## Bendiso

Mikunjo na matundu. Inakata mikunjo ya nje kwa utulivu ambao jigso haina, na kiasi cha kupinda kinategemea upana wa bledi. Bledi ya milimita 3 hugeuka kwenye mkunjo wenye nusu kipenyo cha milimita 5 hivi. Ya milimita 6 inataka 16. Ya milimita 13 inataka zaidi ya 60. Matundu ya ndani haiwezi, kwa kuwa bledi yake ni mkanda uliounganishwa. Ile KARIBU ya juu ingebidi upasue kila herufi kisha uigundishe.

Unene na ukingo. Unene ndio ufalme wake. Ndogo za kukaa mezani hukata takriban milimita 80, na zile za inchi 14 hufika 150. Miguu iliyopinda ya kiti, fremu nene ya mbuzi ya kukunia nazi, mgongo wa kochi: kazi hizi zinatoka wima kutoka juu hadi chini. Ukingo huwa na mikwaruzo ya meno, lakini ni mikwaruzo sawasawa inayoondoka kwa msasa.

Kuna kazi moja inayonifanya niipende kuliko ninavyoweza kuificha. Inapasua ubao mnene kuwa mbao nyembamba. Kwenye maduka ya mbao utapata mninga wa inchi moja au mbili. Wa milimita 6 hutaupata. Ukiwa na bendiso yenye bledi pana iliyonolewa vizuri, unausimamisha ubao kwa ukingo wake na kuupasua katikati, kisha unaupiga randa. Mbao hizo nyembamba ndizo chakula cha skrolso. Ndiyo maana anayejikita kwenye nakshi huishia kuzitaka zote mbili.

Nafasi, umeme na kelele. Ndogo hukaa mezani na kutumia wati 250 hadi 350. Ya inchi 14 ni nzito, inasimama sakafuni, na mota yake huwa ya nguvu farasi moja au zaidi. Si mashine ya kuhamisha kila jioni kutoka barazani kwenda ndani, na ukiacha nje chumvi ya bahari itaila. Kelele ni ya wastani.

Bledi. Hudumu muda mrefu kuliko za skrolso na jigso, na katika miji mikubwa wapo mafundi wanaoziunganisha kwa kipimo chako na kuzinoa. Nje ya miji hiyo ni za kuagiza. Kuipanga bledi ikae sawa juu ya magurudumu na kati ya viongozi vyake ni kazi ya kujifunza. Aliyezoea kuwasha na kukata ataona inamchelewesha.

Inamfaa nani. Mtengenezaji wa viti, miguu iliyopinda na vinyago vikubwa, na yeyote anayenunua magogo madogo au mbao nene na kuzipasua mwenyewe. Anataka nafasi ya kudumu yenye paa na mlango.

## Msumeno wa upinde

Mikunjo na matundu. Kila kinachofanywa na skrolso, unaweza kukifanya kwa mkono, ikiwemo kupitisha bledi tunduni. Kikomo ni kina cha fremu. Wa kawaida una bledi ya milimita 165 na hauingii mbali kutoka ukingoni. Wenye fremu ndefu, unaotumia zile zile bledi za inchi 5, huingia inchi 10 na zaidi.

Unene na ukingo. Hadi milimita 20 mkono uliozoea hutoa ukingo mzuri. Siri ni kibao chenye mkato wa V kilichofungwa ukingoni mwa meza: mbao inalala juu yake, bledi inapita kwenye V, meno yanatazama mpini, na unakata kwa kuvuta chini. Bila kibao hicho mbao hutetemeka na bledi huvunjika, na watu wengi huacha kabla ya kuonja raha ya kazi.

Nafasi, umeme na kelele. Ukuta wenye msumari wa kuutundika unatosha. Unaweza kufanya kazi usiku mtoto akiwa amelala.

Bledi. Ni za bei ndogo. Wenye bledi za inchi 5 una shida ile ile ya upatikanaji niliyoitaja kwa skrolso.

Inamfaa nani. Mwanafunzi, anayetoa kazi chache kwa mwaka, na anayetaka kujua kama ana subira ya nakshi kabla ya kutumia pesa nyingi. Kukata nakshi moja ya matundu 20 kwa mkono kutakuonyesha.

## Kabla ya kutoa pesa

Mashine nyingi za mbao hufika kwetu kama mzigo wa ndugu au kwenye makontena ya mtumba. Za Uingereza na Ujerumani kwa kawaida hazina shida ya volti. Za Marekani ndizo za kuangalia. DeWalt DW788, skrolso ya inchi 20 inayopendwa sana huko, imetengenezwa kwa volti 120, wakati umeme wetu ni 230 Tanzania na 240 Kenya. Ukiichomeka moja kwa moja unaiunguza. Transfoma ya kupunguza volti inafaa, lakini uweke gharama yake kwenye hesabu, na ukumbuke kwamba haibadilishi masafa: kwetu ni hezi 50, kwao 60, na baadhi ya mota zilizotengenezwa kwa 60 huzunguka polepole na kupata joto zaidi.

Jambo jingine ni vumbi, na hili nalisema kwa uzito. Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani uliliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu tangu 1995. Mvule unajulikana kuwasha ngozi na kuleta pumu kwa baadhi ya mafundi. Skrolso inahadaa kwa sababu vumbi lake ni dogo na haliruki, huku uso wako uko sentimita chache juu ya bledi, na kile kipulizio chake cha kusafisha mstari hulisukuma vumbi laini hewani. Vaa barakoa ya vumbi inayokaza pembeni, si kitambaa.

Na kama unachotaka ni vishikio vya funguo mia vinavyofanana kwa ajili ya harusi au biashara, usinunue mashine yoyote kati ya hizi kwa ajili ya oda hiyo moja. Dar es Salaam na Nairobi zipo karakana zinazokata kwa leza kutoka kwenye faili. Ukingo hutoka umeungua mweusi, wengine wanaupenda hivyo, na plaiwudi nyembamba hukatwa kwa dakika.

## Uchague kulingana na hali yako

Chukua karatasi, andika vitu kumi unavyotaka kutengeneza, kisha mbele ya kila kimoja andika unene wa mbao na kama kina tundu la ndani dogo kuliko kiganja. Orodha hiyo itakuongoza vizuri kuliko muuzaji yeyote.

Kama vitu vingi ni samani na kazi za nyumba, anza na jigso nzuri na bledi za aina tatu. Ukipata kazi ya nakshi mara moja moja, msumeno wa upinde utaikamilisha.

Kama vitu vitano au zaidi vina matundu madogo ya ndani na mbao haizidi milimita 20, skrolso inastahili nafasi yake, mradi inakubali bledi zisizo na pini na umeshapata njia ya kuzipata. Ukikosa njia hiyo, subiri, maana mashine bila bledi ni meza ndogo yenye mota.

Kama mbao zako ni nene, unatengeneza viti au unapasua mbao mwenyewe, na una chumba cha kufunga kwa kufuli, kusanya pesa kwa ajili ya bendiso. Ukishaizoea na ukaanza kupata mbao nyembamba za mninga au mkangazi, ndipo uifikirie skrolso.

Kama unaishi nyumba ya kupanga, chumba kimoja na baraza, uamuzi uko kati ya skrolso ndogo na msumeno wa upinde. Kelele na vumbi la jigso vitakugombanisha na majirani, na bendiso haina pa kukaa. Anayefanya kazi usiku baada ya kutoka ofisini aanze na upinde na kibao cha V; akishakamilisha nakshi mbili tatu bila kuchoka nazo, skrolso itamwongezea kasi kwenye kazi ambayo mkono wake tayari unaijua.

Kama una jigso tayari na unajiuliza kama uongeze skrolso, angalia vipande ulivyoviacha bila kumaliza. Vikiwa ni vidogo vilivyokushinda kuvifunga kwa klampu, au nakshi ambazo bledi pana haikuweza kugeukia, ongeza. Vikiwa ni mbao nene ambazo ukingo wake ulitoka mshazari, skrolso haitakusaidia, na pesa hiyo iende kwenye bendiso.